Nani Kavunja Kikombe?

Hebu tuanzie jikoni, msomaji mpenzi. Mtoto anaosha vyombo, kikombe kinamponyoka, kinapasuka vipande vitatu. Mama anauliza kutoka uani: "Kuna nini huko?" Mtoto anajibu haraka: "Mama, kikombe kimevunjika!" Hasemi "nimevunja kikombe." Kikombe kimevunjika. Chenyewe. Kana kwamba kilikuwa kimekaa kabatini, kikayatafakari maisha, kikaona yatosha.

Lugha yetu imetujalia kauli hii ya kutendeka. Kikombe huvunjika, maji humwagika, nguo huchanika, redio huharibika. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka tutunge sentensi kumi za namna hiyo, tukazitunga, tukapata alama zetu. Ila hakutuambia kwamba kauli hiyo ni kichaka kizuri sana cha kujifichia. Mtendaji anaondolewa kwenye sentensi, kosa linabaki limekaa peke yake kama yatima.

Leo nataka kuizungumzia sentensi moja ya ukoo huo, ambayo sisi vijana wa mjini tunaisema kila siku bila hata kupepesa macho: "Kompyuta imeingia virusi." Nimeisema mimi mwenyewe. Nilimwambia mtu ambaye hakustahili kuambiwa hivyo, naye akaniuliza swali moja fupi ambalo mpaka leo sijamaliza kulijibu. Insha hii ni jaribio la kulijibu.

*

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunibeba, nikapata kazi kwenye stesheneri moja pale Mwanga, katikati ya Kigoma mjini na Ujiji. Kazi yenyewe unaijua: kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti, kupiga laminesheni, kumjazia mtu fomu ya mkopo wa chuo, kumwandikia mwingine barua ya kuomba kazi. Mshahara wa kununulia dagaa. Lakini nilikuwa na siri yangu. Jioni wateja wakipungua, nilikuwa nachapa riwaya yangu kwenye kompyuta ileile ya dukani. Mwandishi chipukizi asiye na kompyuta ni sawa na mvuvi asiye na mtumbwi: huvua kwa hisani ya mwenye chombo.

Kila Ijumaa baada ya swala alikuwa anakuja mzee mmoja kutoka Ujiji. Kanzu safi, kofia, miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Ujanani alikuwa baharia kwenye vyombo vya ziwani, na alitaka maisha yake yaandikwe ili wajukuu zake, waliotawanyika Dar es Salaam, Bujumbura na Kalemie, waje wayasome. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, hauwezi tena kalamu. Basi yeye alikuwa anasema, mimi nachapa.

"Wewe andika tu, mjukuu wangu," alikuwa ananiambia. "Usinisahihishe. Nikikosea nimekosea mimi."

Kwa miezi kadhaa tulifika ukurasa wa 43. Kulikuwa na majina ya mabaharia wenzake, bandari alizolala, dhoruba, mapenzi ya Kigoma na ya ng'ambo. Kulikuwa na habari za meli ya Liemba pia, ambazo yeye alizipokea kwa wazee wake. Wajerumani waliijenga kwao Papenburg mwaka 1913, wakaileta vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma. Vita ilipowaendea kombo mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, ili adui asiichukue. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya la Liemba.

Mzee alicheka sana alipofika hapo. "Unaona, mjukuu wangu? Aliyeizamisha ndiye aliyeipaka grisi. Hata katika kuharibu alijua kuna kesho."

Niliichapa sentensi hiyo kwa vidole vyote kumi. Kichwani haikuingia hata nusu.

Siku moja mwaka 2022 wateja wawili waliofuatana walitaka picha za pasi zibadilishwe rangi ya nyuma. Programu nzuri ya kuhariri picha hatukuwa nayo, na bosi hakuwa mtu wa kununua programu. Nikaingia intaneti, nikatafuta kraki. Kwa asiyejua, kraki ni kiprogramu kinachovunja kufuli la programu ya kulipia ili uitumie bure. Nikaipata. Maelekezo yake ya kwanza yalisema: zima antivirusi. Nikazima. Likaja onyo, nikalibofya kando. Likaja lingine, nalo nikalibofya kando.

Haukupita muda mrefu, mafaili yote yakaota mikia mwishoni mwa majina yao. Ukifungua, hayafunguki. Kila folda ikawa na barua ndogo ya Kiingereza ikisema: kazi zako tumezifunga kwa funguo tulizonazo sisi, lipa dola 980 tukupe, na ukiwahi ndani ya saa 72 tutakupunguzia nusu, dola 490. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba virusi wa ukoo huo wanajulikana dunia nzima kwa jina la STOP au Djvu, na njia yao kubwa ya kusafiria ni hizo hizo kraki. Yaani hawakuvunja mlango. Niliwafungulia, nikawakaribisha kiti.

Riwaya yangu, kurasa 140, ikaenda. Za wateja zikaenda. Na zile kurasa 43 zikaenda.

Ijumaa ikafika. Mzee akaja, akakaa kwenye kiti chake, akaweka fimbo magotini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tulifika wapi?"

Nikasema sentensi yangu. "Babu, kompyuta imeingia virusi. Kazi yako imefutika."

Alikaa kimya muda. Feni ikizunguka. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa hapa hapa. Akasema, "Aa. Basi." Akainuka, akaenda zake.

*

Na wewe ulikuwa wapi? Jaribu kulijibu kwa kauli ya kutendeka uone kama linajibika. Halijibiki. Swali lile linamtaka mtendaji. Linataka sentensi inayoanza na ni-.

Basi nizitunge sasa, hata kama nimechelewa. Nilitumia kompyuta yenye Windows 7, nakala isiyo halali, iliyopigwa na fundi wa mtaani. Microsoft ilikuwa imeacha kuitengenezea viraka vya usalama tangu tarehe 14 Januari 2020, na nilikuwa nimesikia. Nilizima mlinzi ili mgeni nisiyemjua apite. Nilitunza maneno ya mtu mzima ndani ya chombo hicho, wala sikuyaweka mahali pa pili, hata kwenye flashi ya bei ya sahani mbili za chipsi.

Niseme kidogo kuhusu viraka, maana wengi tunavidharau. Mfumo endeshi wa kompyuta ni kama jengo lenye madirisha maelfu. Hakuna fundi aliyewahi kujenga jengo kama hilo bila dirisha hata moja lenye komeo bovu. Makomeo mabovu yanagunduliwa kila wiki, mengine na watu wema, mengine na wezi. Kinachotofautisha jengo salama na lisilo salama si kwamba moja lina makomeo mabovu na lingine halina. Tofauti ni kwamba moja bado lina fundi anayekuja kuyabadilisha. Siku mwenye jengo anapotangaza kwamba fundi haji tena, wezi nao wanasikia tangazo hilo hilo.

Sasa, watetezi wangu sikukosa. Rafiki yangu mmoja, muuza samaki pale Kibirizi, aliniambia: "Wewe hukukusudia bwana. Uliamini mashine ni nzima. Mtu atahukumiwaje kwa kuamini?"

Swali zuri, na kuna mtu alikwisha kulifikiri. Mwaka 1877 mtaalamu mmoja wa hesabu wa Uingereza, William Kingdon Clifford, aliandika insha juu ya maadili ya kuamini. Anatoa mfano wa mwenye meli. Meli yake imezeeka, imeshatengenezwa mara nyingi, na moyoni ana wasiwasi kwamba pengine haifai tena kusafiri. Lakini matengenezo ni gharama. Basi anajituliza: mbona imekwenda safari nyingi ikarudi salama? Mungu atawalinda abiria. Taratibu wasiwasi unamtoka, anaamini kabisa, kwa moyo mweupe, kwamba meli ni nzima. Inaondoka na abiria wanaohamia nchi ya mbali. Inazama.

Clifford anasema mtu huyo ana hatia ya vifo vile, na imani yake ya kweli kabisa haimsaidii kitu. Kwa nini? Kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini. Imani ile hakuipata kwa kuikagua meli, aliipata kwa kuunyamazisha wasiwasi wake. Halafu anaongeza jambo lililoniumiza zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ile ile. Tofauti ni kwamba isingejulikana.

Sisi Watanzania hatuhitaji kwenda Uingereza kuufahamu mfano huo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria karibu na Mwanza, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na mamia wakafa. Abiria hakagui chombo. Hawezi kukikagua. Analipa nauli, anakaa, anampa nahodha roho yake. Nasi wa Kigoma, ambao kila siku tunawaona ndugu zetu wakipanda maboti, tunajua uzito wa kumwambia mtu "panda, nafasi ipo."

Najua utasema kompyuta si meli, na kurasa 43 si roho za watu. Ni kweli, wala silinganishi ukubwa wa msiba. Nalinganisha kitu kimoja tu: yule mzee naye alikuwa abiria. Hakujua Windows ni nini. Alijua kuna kijana anayemwita babu, na kijana huyo alisema "sema, nitaandika." Wasiwasi nilikuwa nao mimi, chombo kilikuwa changu kukikagua, na nikaunyamazisha wasiwasi kwa kubofya kando maonyo mawili.

*

Kuna wanaosema: kila mtu na kompyuta yake, ikifa yake imekufa yake. Hawa ni sawa na mtu asemaye choo changu hakikuhusu. Mwezi Mei 2015 kijiji cha Kagunga, kaskazini mwa mkoa wetu, kilijaa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi, na kipindupindu kikalipuka. Nani wakati ule angesimama aseme kunawa mikono ni jambo langu binafsi?

Kompyuta nazo zina kipindupindu chake. Tarehe 12 Mei 2017 virusi walioitwa WannaCry walienea peke yao, kutoka mashine hadi mashine, bila mtu kubofya kitu. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilifungwa. Hospitali za Uingereza zikaahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Na angalia hili: Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu lile mwezi Machi, miezi miwili kabla. Waliopigwa ni wale ambao hawakukiweka, au waliokuwa na mifumo mizee iliyokwisha kuachwa. Na kabla ya hapo, tundu lenyewe lilikuwa linajulikana na shirika la ujasusi la Marekani, likakaa nalo kimya ili lilitumie lenyewe, mpaka chombo chao kikaibwa na kumwagwa hadharani. Kwa hiyo hapo pia, ukiuliza "na wewe ulikuwa wapi?", mkubwa na mdogo wote wanainamisha vichwa.

Kwenye stesheneri yetu mambo ni hayo hayo kwa kipimo cha mtaa. Flashi ya mwanafunzi inaingia safi kuchapishiwa ripoti, inatoka na wadudu, inakwenda chuoni, inakwenda kwenye kompyuta ya shangazi yake. Na ndani ya mashine zetu kuna nini? Vyeti vya kuzaliwa, namba za vitambulisho vya taifa, barua za talaka, maombi ya mikopo. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na ni jambo jema. Lakini hata bila sheria, mtu aliyekupa karatasi yake ya siri uishike kwa dakika kumi amekupa amana. Na amana, walitufundisha wazee, haina udogo.

*

Sasa nije kwenye aibu nyingine, ambayo inatuhusu sisi tunaotaka kuwa waandishi. Mwaka jana nilikuta mtaani riwaya ya mwandishi ninayempenda imetolewa kopi, imebanwa pini, inauzwa bei ya soda mbili. Nikachukia. Nikasema: huu ni wizi, mtu kakesha miaka, jasho lake linauzwa na mwenye mashine ya kopi. Nilihutubia pale nusu saa nzima. Usiku nikakumbuka kwamba hasira ile niliizoea kuiandika kwa Windows ya wizi, nikihariri picha kwa programu ya wizi. Jasho la mwandishi tunaliona kwa sababu tunataka siku moja liwe letu. Jasho la mwandishi wa programu hatulioni, maana hatuna mpango wa kulitoa.

Rafiki yangu wa Kibirizi hapo alinishika vizuri. "Maadili ni ya wenye nazo," alisema. "Windows halali ni bei gani? Mshahara wako ni bei gani? Maskini afanye nini?"

Sitaki kulipuuza neno hilo. Ni rahisi sana kuhubiri ukiwa umeshiba. Mtu anayenunua bando la siku moja hawezi kulaumiwa sawasawa na kampuni yenye ofisi ya ghorofa. Kuapdeti nako kunakula bando, na bando ni unga. Lakini nimelifikiri nikaona umaskini unapunguza lawama, haumalizi swali. Umaskini ulinizuia kununua. Haukunilazimisha kuzima antivirusi. Haukunikataza kuweka nakala ya pili. Na, hili ndilo nililokuwa silijui au sikutaka kulijua, kulikuwa na njia ya halali isiyo na bei.

Njia hiyo ni Linux. Mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo endeshi, akakiweka wazi ili yeyote akisome, akirekebishe, akigawe. Kama una simu ya Android mfukoni, kiini chake ni hicho hicho, kwa hiyo usiseme ni mambo ya wataalamu. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliuanzisha mfumo wa Ubuntu, uliojengwa juu ya Linux. Jina ni neno la Kibantu, ndugu kabisa wa neno letu utu. Mwaka huo huo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kupigia hesabu zinazozungumza Kiswahili. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto mdogo. Wenzetu walikwisha kuufungua mlango, sisi tukaendelea kupita dirishani.

Basi nikahama. Neno kuhama lina uzito katika mkoa huu uliopokea watu waliokimbia na roho zao tu, kwa hiyo nalitumia kwa adabu. Nilinunua laptopu chakavu kwa mkopo wa rafiki, nikaweka Ubuntu, na baada ya maneno mengi bosi akakubali nifanye hivyo hivyo kwenye mashine moja ya dukani.

Nisikudanganye kwamba kuhama ni harusi. Printa ilinigomea siku mbili. Barua za wateja zilizochapwa kwa Word zikifunguliwa kwenye LibreOffice mistari inacheza, jedwali linapanda juu ya picha. Mteja mmoja aliangalia kioo akauliza, "Hii kompyuta yenu mbona ya ajabu?" akaenda duka la jirani. Bosi akaniangalia jicho lile. Mtu akikwambia usalama hauna gharama, huyo anauza kitu.

*

Hapa msomaji mwenye haraka atafikiri nimefika: Windows mbaya, Linux nzuri, kwaheri. La hasha. Ingekuwa hivyo ningeandika tangazo.

Kwanza, uovu haukuwa wa Windows. Mwenye Windows halali, inayopata viraka, na nakala ya pili ya kazi zake, yuko salama kuliko mwenye Linux anayebandika kila amri anayoikuta mtandaoni. Kraki haikuniingia kwa sababu ya jina la mfumo. Iliniingia kwa sababu yangu.

Pili, ukihama hukwepi kuamini. Unahamisha imani tu. Ken Thompson, mmoja wa mabwana walioutengeneza mfumo wa Unix, alitoa mhadhara alipopewa tuzo ya Turing. Alionyesha jinsi fundi anavyoweza kuficha mlango wa siri ndani ya kile chombo chenyewe kinachotengenezea programu, kiasi kwamba hata ukiisoma programu mstari kwa mstari hutauona. Akahitimisha kwamba huwezi kuwa na uhakika na programu yoyote ambayo hukuitengeneza yote mwenyewe. Na nani ameitengeneza yote mwenyewe?

Hata huko kwenye uwazi mambo yamewahi kuchacha. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitolea kwa zaidi ya miaka miwili kusaidia mradi mdogo uitwao xz, unaotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Alikuwa mpole, mchapakazi, akaaminiwa, akakabidhiwa funguo. Kisha akapenyeza mlango wa siri. Mwezi Machi 2024 ukagunduliwa, na siyo na jeshi la wakaguzi. Aliyeugundua ni Andres Freund, mtu mmoja aliyeona kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Nusu sekunde! Wengine tungebofya kando. Yeye akauliza kwa nini. Na kichekesho ni kwamba mtu huyo aliyewaokoa watu wa Linux alikuwa mwajiriwa wa Microsoft.

Nimelifikiri sana tukio hilo. Uwazi ulimsaidia, maana aliweza kufungua na kuangalia ndani. Lakini uwazi peke yake haukuangalia. Macho ya mtu mmoja aliyekataa kuunyamazisha wasiwasi wake ndiyo yaliyoangalia. Yule mwenye meli wa Clifford alikuwa na wasiwasi mkubwa akaulaza usingizi. Freund alikuwa na wasiwasi wa nusu sekunde akauamsha.

Kwa hiyo sikuhama ili niwe msafi. Nilihama kwa sababu kwenye chombo kile cha zamani sikuwa tena na haki ya kuwaambia watu "panda." Kwenye hiki kipya ninayo kiasi, na ni lazima niitafute upya kila wiki, kwa kuweka viraka, kwa kutoendesha nisichokijua, kwa kuweka nakala mahali pawili. Swali hili sasa linagonga milango mingi, maana tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha viraka vya kawaida vya Windows 10 pia, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda, na kompyuta nyingi za zamani hazina sifa za kupokea Windows 11. Wewe ukiwa na mojawapo, amua utakavyoamua. Nunua mpya ukiweza, hama, au ichomoe kabisa intanetini uitumie kama taipureta. Ninachokuomba ni kimoja: uamuzi huo uufanye kwa sentensi yenye mtendaji.

*

Mzee alirudi. Ilipita kama miezi mitatu, nikidhani sitamwona tena. Safari hii sikungoja aulize tulifika wapi.

"Babu," nilisema, "siku ile nilikwambia kompyuta imeingia virusi. Haikuwa hivyo. Niliwaingiza mimi. Na sikukuwekea nakala. Nimekupotezea kazi yako."

Aliniangalia juu ya miwani. "Najua," alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie." Akavuta kiti. "Haya, andika."

Tukaanza upya. Lakini maneno hayarudi kama yalivyokuwa. Ya mwanzo yalikuwa na pumzi, haya ya pili yana kikohozi. Kuna dhoruba moja upande wa Congo aliyoisimulia mwanzo kwa kurasa tatu, sasa imetosha nusu ukurasa. Na kuna baharia mwenzake aliyemvuta kwa mkono usiku ule, akamrudisha chomboni. Mara ya kwanza alimtaja kwa jina lake, la baba yake, na kijiji chake. Mara ya pili alipofika hapo alinyamaza, akapapasa fimbo, akasema jina limemtoka. Akanigeukia. "Wewe uliliandika. Lilikuwa nani?"

Nililiandika, kweli. Kwa vidole hivi. Nimelitafuta kichwani mpaka leo silipati. Yule baharia alikwisha kufa zamani, na sehemu pekee duniani alipokuwa ameandikwa kwamba aliokoa mtu ni kwenye faili lile.

Hapo kwenye ukurasa nimeweka nukta tano. Mzee aliniuliza ni za nini. Nikamwambia, babu, hapo palikuwa na jina, nimelipoteza mimi. Akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza kama anavyoniuliza sasa kila Ijumaa kabla ya kuinuka: "Grisi umepaka?"

Nachomoa flashi ya kwanza, naingiza ya pili, naye anangoja mpaka imalize.